Kilichozimwa Mwilini mwa Pacha Wangu

Baba ndiye aliyetubandika majina ya utani. Mwenzangu alianza kusema mapema na hakunyamaza tena, akaitwa Chiriku. Mimi nilichelewa kusema, nikachelewa kutembea, na hata mezani nilikuwa wa mwisho kumaliza, nikaitwa Kobe. Majina ya kwenye vyeti tuliyatumia shuleni na benki. Nyumbani, hata baada ya kuolewa, tulibaki Chiriku na Kobe.

Tulikuwa mapacha wa yai moja, tumefanana hadi mama mwenyewe alitutofautisha kwa kutusikiliza. Akiita na jibu likaja refu, huyo Chiriku. Kazi zetu nazo zilifuata midomo yetu. Yeye alikuwa mtangazaji wa kituo kikuu cha mabasi. Alikaa ghorofani kwenye kibanda cha vioo, akiita magari yanayoondoka, na akichoka na matangazo ya kiofisi aliwachokoza abiria. "Baba mwenye koti la kijani, mkeo anakusubiri dirisha la tiketi. Huko unakokwenda ni chooni." Watu walicheka na mizigo kichwani. Mimi ni fundi cherehani. Nina chumba kimoja, mashine mbili, meza ya kukatia, na pazia kwenye kona ambako wateja hujaribia nguo.

Nguo zake zote nilimshonea mimi, na sikuwahi kumpima. Nilijipima mwenyewe, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Nikimaliza naivaa, ikinikaa naikunja nampelekea. Hakuna hata moja iliyorudi kurekebishwa.

Alipokuja dukani siku ile bila kusema kitu, nilijua kuna jambo kabla hajaketi. Aliingia nyuma ya pazia, akaniita.

"Kobe, njoo ushike hapa."

Alikuwa amefungua blauzi. Alichukua vidole vyangu akaviweka upande wa nje wa titi la kushoto, karibu na kwapa. Palikuwa na kitu kigumu, hakiumi, hakisogei vizuri.

"Sasa jishike na wewe, pale pale."

Nikajishika. Nikatafuta juu, nikatafuta chini, nikarudia. Palikuwa laini, kama palivyokuwa siku zote.

"Huna," alisema.

"Sina."

Akafunga vifungo vyake taratibu. "Haya. Mama atapata cha kututofautishia."

Nilicheka kwa sababu yeye alitaka nicheke. Halafu tukafunga duka, tukaenda hospitali tukiwa tumeshikana mikono kama watoto wa shule.

Madaktari walikata kipande kidogo cha uvimbe wakakipeleka maabara, na majibu yakaja kuwa ni saratani, tena ya aina ile isiyosikia dawa za homoni. Waliliondoa titi zima na matezi ya kwapani. Na kwa kuwa mimi ni pacha wake, walinipiga picha ya matiti yote mawili, wakanipaka jeli baridi wakapitisha kile kifaa cha mawimbi huku na huku. Mtaalamu aliyenipima alitabasamu, akaniambia niko safi kabisa. Nilitoka mle ndani nikiwa nimeinamisha kichwa kama mtu aliyeiba. Chiriku alikuwa kwenye benchi ananisubiri, bandeji bado kifuani.

"Vipi?"

"Safi."

"Afadhali," alisema, akanipigapiga goti. "Angalau titi moja la familia limepona. Samahani, mawili."

Nilitaka kufanya kitu. Mikono yangu imezoea kufanya kitu. Nikamshonea sidiria yenye mfuko kwa ndani, na kimto cha pamba cha kuujaza mfuko huo. Kwa kuwa pamba peke yake ni nyepesi na ingempandisha nguo upande mmoja, niliweka katikati changarawe ndogo nilizoziosha na kuzichekecha, mpaka nilipokishika mkononi nikaona uzito ni sawa na wa titi langu. Alivaa, akajiangalia, akasema hili ndilo titi ambalo halitaugua kamwe. Akaenda nalo kazini. Kwenye kipaza sauti hakuna aliyejua lolote.

Kisha zikaanza dawa za dripu. Alikaa kwenye kiti cha kuegemea, sindano mkononi, na mimi pembeni na kazi zangu za mkono, vifungo na mapindo. Mara nyingi shemeji naye alikuja akitoka kazini. Shemeji ni mwalimu wa hesabu, mtu wa maneno machache, na alimpenda mke wake kwa namna iliyoonekana zaidi anapomsikiliza kuliko anaposema. Siku moja nilitoka kwenda kutafuta maji ya moto. Nikiwa nimesimama kwenye korido nimempa mgongo, nikasikia hatua zake, nikageuka. Uso wake wote ulichanua. Alitabasamu kabla hajakumbuka. Kisha akakumbuka, tabasamu likazimika, akasema, "Ah, ni wewe, shemeji," akapita kuingia wodini. Sikuweza kumlaumu. Nilikuwa na nywele, nilikuwa na mashavu, nilikuwa na kifua kizima. Nilikuwa mke wake alivyokuwa mwaka uliopita, nimesimama pale na chupa ya chai. Tangu siku hiyo alizungumza nami akiangalia ukuta.

Daktari wa utafiti tulimpata kipindi hicho. Alikuwa mwanamke mdogo kwetu kwa umri, miwani inamteleza puani, ofisi yake nyuma ya maabara ambako majokofu yalinguruma hata tukawa tunapandisha sauti. Alikuwa anatafuta mapacha wa yai moja ambao mmoja ana saratani ya titi na mwingine hana. Alitaka damu yetu sote wawili, na kipande cha ule uvimbe uliotolewa.

"Mchukueni na Kobe," Chiriku alimwambia. "Mimi bila yeye ni nusu bei."

Daktari alieleza mapema kwamba utafiti si matibabu, kwamba huenda usitusaidie sisi. Tuliitikia sote wawili. Ukweli ni kwamba mimi niliitikia kwa mdomo tu. Moyoni nilijiambia kwamba watu hawahangaiki na damu ya mtu namna ile bila kupata dawa.

Alituita tena dripu zikiwa zimekaribia kwisha.

"Kuna jeni," alisema, "ambayo kazi yake ni ukarabati. DNA ya seli ikikatika, yenyewe inasaidia kuiunga. Wanawake wengine huzaliwa nayo ikiwa na kasoro, na hao saratani ya titi huwaandama ukoo mzima. Nilidhani ninyi ni hao. Siyo. Nimeisoma yako, nimeisoma ya mwenzako, herufi kwa herufi ni ile ile, na ni nzima."

"Sasa tatizo liko wapi?" Chiriku aliuliza.

"Kwenye uvimbe wako imezimwa. Kuna vialama vidogo vya kemikali vinaitwa methili. Hivi hujibandika juu ya DNA, na kila mtu anavyo, ndivyo mwili unavyoamua jeni ipi ifanye kazi na ipi ipumzike. Lakini kwako vimejazana pale jeni hii inapoanzia, mahali ambapo havikutakiwa kuwepo. Seli haiwezi kuisoma tena. Ipo, nzima, ila haifanyi kazi. Kwenye damu ya mwenzako mahali hapo pako wazi."

Nilikaa nikilizungusha jambo hilo kichwani. Mimi huelewa vitu vikipita mikononi.

"Ni kama mfuko wa koti jipya," nilisema. "Ukilinunua, mifuko imeshonwa mdomo. Mfuko uko, kitambaa hakijachanika, lakini mkono hauingii."

Daktari alinitazama juu ya miwani yake. "Ndiyo. Hivyo hivyo."

"Basi si tatizo. Huo unachukua wembe, unafumua uzi, umekwisha. Hata hakibaki kitundu."

Nilimwona anavuta pumzi. Nilimwona pia Chiriku amenigeukia, macho yamemng'aa, na hapo nikajua kwamba maneno yangu yameshamfika mahali ambapo nisingeweza kuyarudisha.

"Wewe una mfuko mmoja," daktari alisema taratibu, "na unauona. Mwilini mifuko ni mingi mno, na mingi imeshonwa kwa sababu maalumu. Ikifunguliwa ovyo ni hatari. Dawa za kufumua zipo, tunazitumia kwa saratani fulani za damu. Lakini hazichagui. Zinapita kila mahali. Kwa saratani ya titi wameshazijaribu, na mpaka leo hakuna aliyeonyesha kwamba zinaponya."

"Basi chukueni yangu," nilisema. "Ya kwangu imefunguka. Damu yangu, uboho wa mifupa, chochote. Sisi ni mtu mmoja, mwili wake hautakataa."

"Hautakataa, kweli. Lakini uboho wako utatengeneza damu, hautaingia kwenye seli za uvimbe kuzifungua. Sina njia ya kuitoa kwako na kuipeleka kule. Natamani ningekuwa nayo."

Alisema kwa huruma, na huruma hiyo ilinikata nguvu kuliko kama angenifokea. Kwa maisha yetu yote chochote alichokosa mmoja kilipatikana kwa mwingine. Alipovunjika mkono, niliandika mtihani wake wa kuchora ramani na mwalimu hakujua. Alipoumwa siku ya kupiga picha ya kitambulisho kazini, nilienda mimi, na mpaka leo sura iliyoko kwenye kile kitambulisho ni yangu. Sasa daktari ananiambia kwamba kitu anachokihitaji ninacho, kizima, katika kila seli ya mwili wangu, na hakina njia ya kupita.

Chiriku aliuliza swali moja tu la mwisho. "Ni nini kilichoizima?"

"Hatujui."

"Nilifanya kitu?"

"Hakuna ninachoweza kukinyooshea kidole nikasema ni hiki. Seli zinapojinakili miaka nenda rudi, mara nyingine alama zinakosewa. Inawezekana ni bahati mbaya tu."

Hakuridhika. Jumamosi moja alikuja kwangu, akakaa juu ya meza ya kukatia na kilemba chake kichwani, akasema, "Tutafute. Tulianza pamoja. Kuna mahali tuliachana."

Tukaanza tumboni. Alitangulia kuzaliwa yeye, mimi nikafuata. Titi la mama tulinyonya wote, ingawa mama anasema mimi nilisinzia nikiwa nanyonya. Shule moja, kitanda kimoja, surua tuliugua pamoja. Tulivunja ungo mwezi mmoja, kwa hilo alikuwa na uhakika kwa sababu alinitangulia na akanitangazia mtaa mzima. Kisha tukafika mahali tulipotengana kweli. Mimi nimezaa na kunyonyesha, yeye mimba zote mbili ziliharibika. Yeye amekaa kwenye moshi wa mabasi, mimi kwenye vumbi la vitambaa. Yeye alikunywa bia kidogo kwenye sherehe. Mimi nilikunywa nyingi zaidi yake, ila hakuna aliyenishuku kwa kuwa nilikaa kimya.

"Moshi," alisema.

"Wenzako wote kibandani wamevuta moshi huo huo."

"Basi ni kutonyonyesha."

"Masista watawa wa zahanati hawajanyonyesha maisha yao yote. Wangekuwa wamekwisha."

"Basi ni kuongea sana." Akatabasamu, halafu akafunika uso kwa viganja. Niliinuka kwenye kiti nikamkumbatia. Alikuwa amekonda mgongoni, nilihisi kila mfupa. "Kobe, ningepata hata kosa moja," alisema ndani ya viganja vyake. "Hata dogo. Ningejua nimegombana na nani."

Kwa miezi kadhaa baada ya dripu alikuwa na nafuu. Nywele zilirudi, laini kama za mtoto. Alirudi kwenye kipaza sauti. Mama alianza kusema yamepita. Halafu kikaja kikohozi. Alisema ni vumbi, mimi nikasema ni vumbi, shemeji akasema ni vumbi. Tulilisema hilo neno mpaka likatuishia. Picha ikaonyesha mapafu yote mawili yana madoa.

Nilienda peke yangu kwa daktari wa utafiti bila kumwambia mtu. Nilimkuta amesimama anakula mkate kwa haraka mbele ya kompyuta. Nilimwambia amejua kilichofungwa, amejua kilipofungwa, amekiona kwa macho yake. Hata fundi wa redio akishajua waya gani umekatika anaweza kufanya kitu. Aliuweka mkate chini.

"Dada yangu," alisema, "kujua na kuweza havijakutana bado. Madaktari wake wanampa dawa zilizopo, na ndizo ambazo hata mimi ningempa. Mimi nasoma tu. Nasoma, naandika, ili labda atakayeugua baadaye apate nafasi."

"Atakayeugua baadaye ni nani?"

Nikaona macho yake yameshuka kwenye kifua changu, kisha akayaondoa haraka. Sikukasirika. Nilichukua pochi yangu nikaondoka.

Kwa mara ya kwanza maishani nilimpima. Aliniomba gauni la kukaa nalo kitandani, lenye kufunguka mbele, nami nikakata kwa mazoea, nikajaribisha mwilini mwangu, nikampelekea. Lilimmeza. Alikuwa amepotelea ndani yake. Nilitoa utepe wa kupimia shingoni mwangu nikaupitisha kifuani mwake, yeye akainua mikono kidogo, akashindwa, nikaishikilia mimi. Sikuandika vipimo popote. Nilivisoma na kuvishika kichwani, na hadi leo havijatoka.

Pumzi ilipokuwa haba, maneno nayo yakapungua. Chiriku alianza kutumia neno moja mahali pa sentensi, kisha kichwa mahali pa neno. Ukimya wake sikuuweza. Nikaanza kuongea mimi. Nilimweleza wateja, nilimweleza bibi harusi aliyenenepa kati ya kupimwa na kuvaa, nilimweleza mtangazaji mpya wa kituo anavyotaja miji kama anayesoma matangazo ya vifo. Nilijisikia ninavyopayuka na sikuweza kuacha. Shemeji alikaa upande wa pili wa kitanda, macho yake kwa mkewe tu. Mchana mmoja mwenzangu alinigeukia, akakusanya pumzi kwa muda mrefu.

"Kobe," alisema. "Pumzika."

Sijui alimaanisha ninyamaze au alikuwa ananionea huruma. Nilinyamaza. Alifariki wiki hiyo hiyo, asubuhi, dirisha likiwa wazi na wasafishaji wanapiga deki koridoni. Mimi nilimshika mkono wa kulia, shemeji wa kushoto, mama miguu. Hakuna kati yetu aliyeweza kumzuia.

Baada ya mazishi shemeji aliniita pembeni, nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji. Alikuwa ameshika mlango wa stoo kama mtu anayeogopa kuanguka.

"Shemeji, naomba usinielewe vibaya," alisema, akiwa ameangalia lile tangi. "Naomba usije hapa kwa muda. Ukiingia mlangoni mwili wangu unainuka kumpokea kabla akili haijaniambia si yeye. Kila mara nampoteza upya. Siwezi."

"Naelewa," nilisema. Nilikuwa naelewa. Lakini nilikuwa nimepoteza pacha, na sasa nilikuwa nafukuzwa kwa sababu ya uso wa pacha huyo huyo.

Kwa mama ilikuwa kinyume. Alihamia kwangu na hakuniondolea macho. Alinitazama nikishona, alinitazama nikipika, na siku nyingine aliniita kwa jina la Chiriku nami nikaitika. Nilijaribu hata kujibu kwa maneno mengi, nikidhani namsaidia. Alinisikiliza kwa subira mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Acha, mwanangu. Hujui."

Mwaka ulipozunguka, daktari wa utafiti alipiga simu. Alitaka damu yangu tena, na kunipangia picha ya matiti. Nilienda. Bomba la sindano lilijaa damu nyeusi, nikaliangalia nikiwaza kwamba hiyo ni damu yake pia, kila herufi, na haikufaa kitu. Picha ilikuwa safi. Nilimuuliza daktari kama mahali pale kwangu bado pako wazi.

"Bado."

"Patafungwa?"

"Sijui. Tutakuwa tunaangalia kila mwaka."

"Mkiona pameanza kufungwa, mtafanya nini?"

Alivua miwani akaisafisha kwa pindo la koti lake, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Tutakuangalia kwa karibu zaidi," alisema.

Nje ya geti la hospitali nilimkuta shemeji ameegemea gari, daftari za wanafunzi zimejaa kiti cha nyuma. Hatukuwa tumeonana tangu siku ile ya tangi la maji. Mama ndiye aliyemwambia kwamba ningekuwa hapo. Alikuwa ameangalia viatu vyake.

"Wamesemaje?"

"Niko safi."

"Afadhali." Akazungusha funguo za gari mkononi. "Wamekwambia kwa nini yeye?"

"Hawajui, shemeji. Wanajua kilichozimwa. Kwa nini kizimwe kwake na si kwangu, hawajui."

Aliitikia kwa kichwa, akaitikia tena, kama mtu anayekubali jambo ambalo halijamwingia. Kisha alifungua mlango wa nyuma, akasogeza daftari, akaniambia nipande anipeleke dukani kwangu. Tulipita barabara nzima, yeye akiangalia mbele, mimi dirishani.